Fundi Anajibu: Monita inawaka sekunde mbili, kisha giza

SWALI: Habari za kazi, Fundi. Nina sekretariati ndogo hapa Kamalondo, Lubumbashi. Naandikia watu barua za kuomba kazi, naweka sawa kazi za wanafunzi wa chuo kikuu, natoa fotokopi. Monita yangu ni ya inchi 17, ya zamani, lakini ni hizi nyembamba, si zile za kichogo. Tangu baridi ya Juni ilipoingia, asubuhi nikiiwasha picha inatokea sekunde mbili, halafu giza, ila taa ya kijani pale chini haizimiki. Nazima, nawasha, nazima, nawasha, mpaka ikubali. Ikishakubali inafanya kazi hadi jioni. Fundi wa kwanza ameniambia skrini imekufa, ninunue nyingine, na yeye anayo moja ya mtumba kwa dola 45. Fundi wa pili anataka dola 15 abadilishe vitu vya umeme ndani. Mpya nimeulizia mjini, dola 120. Wateja wanasubiri, na hela yenyewe ni ya karo ya watoto. Nimsikilize nani?
Mama wa sekretariati, Kamalondo

JIBU: Mama, skrini yako haijafa. Skrini iliyokufa haifanyi kazi hadi jioni. Hilo peke yake linatosha kukuzuia usitoe dola 45 wiki hii.

Monita nyembamba ina mambo matatu ambayo kila mwenye ofisi anapaswa kuyajua, hata kama hatashika bisibisi maisha yake yote. Kuna kioo, ambacho ndicho kinachochora picha. Nyuma ya kioo kuna taa, kwa sababu kioo hicho hakitoi mwanga wake chenyewe. Halafu kuna bodi ya umeme, inayopokea volti 220 za ukutani na kuzipunguza ziwe umeme mdogo wa kulisha bodi ya picha na zile taa. Kioo kikifa, monita imekwisha. Bodi ya umeme ikiugua, inatibika kwa vifaa vya bei ndogo. Taa ndizo zenye maneno mengi, na nitazirudia.

Kabla sijaandika jibu hili nilikuomba ufanye jaribio la tochi, na nalieleza hapa kwa sababu wasomaji wengi wana tatizo kama lako. Monita ikishaingia giza huku taa ya kijani inawaka, funga pazia, chukua tochi ya simu, isogeze karibu kabisa na kioo na umulike kwa pembeni, si kwa mbele. Ukiangalia vizuri na ukaona maandishi yako yapo pale, hafifu sana lakini yapo, basi kompyuta ni nzima, waya ni mzima, kioo ni kizima. Kilichokosekana ni mwanga wa nyuma tu. Wewe uliniambia umeona folda zako na saa kwenye kona ya chini. Kwa hiyo aliyesema skrini imekufa amekosea, na mimi nasema hivyo bila kuiona monita yenyewe.

Sasa, kwa nini mwanga unazimika? Monita za umri wa yako, zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2010 hivi, nyingi hazina LED, zile taa ndogo za kisasa. Zina mirija myembamba ya kioo juu na chini ya skrini, na mirija hiyo haiwaki kwa umeme mdogo. Inataka mamia ya volti. Kazi ya kupandisha volti hizo hufanywa na sehemu inayoitwa inveta. Ndani ya inveta kuna mlinzi: akiona mrija mmoja haupokei umeme unavyotakiwa, anakata wote, kwa usalama. Anachukua sekunde moja au mbili kuamua. Hizo sekunde mbili zako, Mama, ni huyo mlinzi anafanya kazi yake.

Mlinzi huyo anaweza kukata kwa sababu mbili. Ama mirija imechakaa, ama transfoma ndogo inayoilisha imeungua. Hiyo ni sababu ya kwanza, na ni mbaya. Ama umeme unaofika kwenye inveta ni dhaifu, unayumba, kwa sababu kapasita za bodi ya umeme, vile vifaa vinavyohifadhi umeme kidogo na kuutuliza, zimechoka. Hiyo ni ya pili, na ndiyo ninayoitilia mkazo katika kisa chako.

Baridi ndiyo inayonionyesha njia. Kapasita zile za mkebe ndani yake zina majimaji, na kwa miaka majimaji hayo hukauka taratibu. Kapasita iliyokauka nusu hushindwa zaidi ikiwa ya baridi, na hupata nafuu ikipata joto. Ndiyo maana asubuhi za Juni na Julai hapa Lubumbashi, tunapovaa makoti, mafundi hupokea monita nyingi za namna hii, na ndiyo maana yako ikishakubali inakwenda hadi jioni. Lakini mirija iliyochakaa nayo haipendi baridi, kwa hiyo baridi pekee si ushahidi kamili. Mirija iliyochakaa ina alama zake: ukiwasha, ukurasa mweupe unaonekana wa rangi ya waridi au wekundu dakika za mwanzo, kisha unabaki na umanjano, na kingo za juu au chini zinakuwa na kivuli. Nilikuuliza, ukaniambia weupe wako ni weupe sawasawa kona zote. Hapo nikaridhika.

Kwa hiyo msikilize fundi wa pili. Dola 15 ni bei ya haki kama atafanya kazi ninayoieleza hapa, na ningependa ukae karibu naye akifungua. Akiinua ile bodi ya umeme utaona mikebe midogo imesimama, mingine mirefu kama nusu ya kidole. Juu ya kila mmoja kuna mistari iliyochorwa kwa makusudi, msalaba au herufi K, ili mkebe upasukie hapo ukizidiwa. Mkebe mzima una kichwa bapa. Uliochoka kichwa chake kimevimba, unakigusa kwa ncha ya kidole na unahisi kigongo. Mwingine unakuta ukoko wa kahawia kuzunguka miguu yake pale kwenye bodi. Kapasita ikivimba hata moja, zilizo jirani yake za umri ule ule zibadilishwe zote, maana zimekula joto lile lile. Na ikiwa hakuna iliyovimba, bado fundi mwenye mita ya kupima kapasita azipime, kwa sababu nyingine hukauka bila kuvimba.

Mpya anayoiweka iwe na idadi ile ile ya mikrofaradi (kipimo cha umeme ambao kapasita inaweza kuhifadhi), volti zile zile au zaidi kidogo, na iandikwe 105°C, si 85°C. Iwe mpya ya dukani. Kuchomoa kapasita kwenye bodi ya redio iliyotupwa na kuipachika kwako ni kukuuzia uchovu wa mtu mwingine, na hapo nitakuunga mkono ukikataa kulipa. Mwombe akurudishie zile kuukuu kwenye mfuko, uzione. Mpe nusu ya hela siku hiyo na nusu nyingine baada ya wiki ya asubuhi za baridi. Fundi anayejiamini hatakataa.

Jambo moja kwa vijana wanaosoma hapa na wanataka kujifungulia wenyewe: ile kapasita kubwa kuliko zote, iliyo upande wa waya wa ukutani, hubeba zaidi ya volti 300 za moja kwa moja, na inaweza kuzishikilia hata baada ya plagi kuchomolewa. Chomoa, subiri, pima kwa mita, na kama bado kuna volti zitoe polepole kwa rezista, kifaa kinachobana umeme usitoke kwa kishindo. Usiiguse miguu yake kwa bisibisi ili itoe cheche. Kama huna mita, usifungue.

Mama, nina neno jingine, na hili ni la kwako hasa. Kwenye picha uliyonitumia naona kitambaa kizuri cha kufuma kimefunika mgongo wa monita. Kitoe. Matundu ya juu ndiyo njia ya joto kutokea. Mafundi tuna kanuni: kila nyuzi 10 zinazoongezeka, maisha ya kapasita hupungua nusu. Kapasita ya kawaida iliyoandikwa saa 2,000 kwa 105°C, ikifanya kazi ndani ya joto la nyuzi 65, hufika kama saa 32,000. Wewe unafanya kazi saa kumi kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ni miaka kumi. Iongezee nyuzi 10 kwa kitambaa na kwa vumbi letu jekundu lililoziba matundu, na umebaki na miaka mitano. Kitambaa kikae mezani, chini ya kalamu. Vumbi liondolewe kwa brashi laini mwishoni mwa kiangazi, monita ikiwa imechomolewa, na usitumie maji kwenye matundu.

Na ikiwa fundi atabadilisha kapasita zote, kisha giza likarudi? Basi ni mirija au transfoma, na hapo nakuambia usitoe hela tena. Mirija ya urefu sawasawa ni shida kuipata hapa mjini, kuitoa bila kuivunja kunataka mkono mtulivu, na ndani ina zebaki kidogo. Wapo wanaoing'oa na kuweka utepe wa LED. Kwa skrini kubwa na nzuri ningefikiri. Kwa inchi 17, hapana. Siku hiyo ndiyo siku ya kununua nyingine, ukiwa umepoteza dola 15 na si 45 zilizotangulia ukweli.

Ukifika huko, hivi ndivyo unavyonunua ya mtumba. Nenda mapema, omba iwashwe ikiwa ya baridi, si ile ambayo muuzaji ameiacha inawaka tangu asubuhi. Fungua menyu kwa vitufe vya monita na uangalie namba ya mwangaza. Ikiwa imesukumwa hadi 100 na bado weupe ni wa kijivu, taa zake zimefika mwisho. Monita yenye afya hutosha ndani ya chumba ikiwa kati ya 40 na 70. Weka ukurasa mweupe mzima utafute umanjano na vivuli kwenye kona, kisha mweusi mzima utafute vidoa vinavyong'aa, kisha mwekundu, wa kijani na wa bluu. Iache inawaka nusu saa ukiwa umekaa hapo hapo, izime, ngoja ipoe, iwashe tena. Soma kibandiko cha nyuma. Mwaka wa kutengenezwa mara nyingi umeandikwa. Angalia matundu yake ya kuchomeka waya: kama kompyuta yako ina VGA tu, lile tundu la zamani la waya wa picha, monita isiyo na VGA itakudai kibadilishi, na kibadilishi cha HDMI (tundu la kisasa la picha) kwenda VGA hakifanyi kazi kwa kurudi nyuma, ni viwili tofauti.

Sababu pekee ambayo ingenifanya nikuambie uende kwa LED hata kabla ya kutengeneza ni kama unafanyia kazi betri au sola wakati wa delestaji, yaani mgao wa umeme. Monita ya mirija ya inchi 17 hula wati 35 hivi, ya LED ya inchi 19 hula karibu nusu ya hapo. Kwa saa kumi, tofauti hiyo ni kama wati-saa 170. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo hupaswi kuimaliza zaidi ya nusu, inakupa wati-saa 600. Anayetegemea betri ataisikia tofauti hiyo kila jioni. Wewe uliniambia umeme ukikatika unafunga, basi kwako si hoja.

Ila umeme ukikatika, chomoa. Usitegemee kitufe peke yake. Umeme unaporudi mara nyingi huja na mshtuko, unapanda na kushuka kabla haujatulia. Ngoja dakika kadhaa ndipo uchomeke. Stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme, yenye kuchelewesha hufanya kazi hiyo kwa niaba yako. Na mvua za Novemba zikianza na radi zake, chomoa hata kama umeme upo.

SWALI: Kaka Fundi, mimi ni mwanafunzi, naishi Kampemba. Monita yangu imekuwa ya manjano yote, hata ukurasa mweupe ni wa manjano. Jirani anasema imeungua kwa radi. Nimekwishaanza kuweka akiba ya kununua nyingine.

JIBU: Mdogo wangu, akiba yako iache ilipo. Manjano ni mwekundu na kijani vikiwa pamoja bila bluu. Bluu yako haifiki. Bonyeza kitufe cha menyu cha monita: ikiwa maandishi ya menyu yenyewe yana rangi sawasawa huku picha ni ya manjano, kioo na taa za monita ni vizima. Chomoa waya wa VGA na utazame ndani ya kichwa chake. Kuna safu tatu za pini. Kwenye safu ya kwanza, pini ya 1 hubeba mwekundu, ya 2 kijani, ya 3 bluu. Nadhani ya 3 imepinda au imeingia ndani. Inyooshe taratibu kwa kibano chembamba. Baadhi ya nyaya hukosa pini ya 9 tangu kiwandani, hiyo isikutie hofu. Ikishindikana azima waya wa rafiki kwa dakika tano. Anayepoteza mwekundu huona samawati, anayepoteza kijani huona rangi ya waridi iliyokoza, na dawa ni ile ile. Ukirudisha waya, kaza skrubu zake mbili kwa vidole; waya unaoning'inia bila skrubu ndio unaopinda pini.

SWALI: Mstari mmoja wa kijani umesimama wima kwenye skrini yangu tangu wiki iliyopita. Nikibonya fremu ya juu unapotea kidogo. Utatengenezeka?
Msomaji, Katuba

JIBU: Hapana, samahani. Pale juu kuna vipande laini vyenye nyuzi nyembamba mno vilivyogandishwa kwenye ukingo wa kioo, na kimoja kimeanza kuachia. Mashine ya kukigandisha upya haipo kwenye meza ya fundi wa mtaani. Kubonya kunaongeza madhara, na wanaokuambia uweke kipande cha karatasi ndani ya fremu wanakununulia siku chache tu. Mstari mmoja hauzuii kazi. Itumie hivyo hivyo huku unajipanga, na usimlipe mtu yeyote kuifungua.

SWALI: Fundi, nina monita ya kichogo imekaa nyuma ya nyumba, haiwaki. Mtoto wa ndugu yangu, ana miaka 13, anataka kuivunja atoe shaba akauze kwa kilo. Nimruhusu?
Baba wa Ruashi

JIBU: Baba, usimruhusu. Nakuomba kwa moyo wote.

Shaba anayoitaka ni ile ya koili iliyozunguka shingo ya bomba la kioo. Bomba hilo halina hewa ndani. Shingo ikivunjika kwa nyundo, hewa huingia kwa kishindo na vipande vya kioo huruka, na vinatafuta macho kwanza. Ubavuni mwa bomba, chini ya kifuniko cha mpira chenye waya mnene, monita hizo zilikuwa zikibeba volti hadi 25,000, na bomba linaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya kuzimwa. Kioo chenyewe kina risasi, ile metali, imechanganywa ndani yake, hasa upande wa nyuma. Sehemu ya mbele, kwa ndani, imepakwa unga ambao hautakiwi kuvutwa puani. Na vijana wakishapata waya huuchoma moto ili plastiki iishe. Moshi ule ni sumu kwa wote walio uani. Shaba yote inayotoka humo haifiki bei ya dawa za jicho moja.

Iache nzima, imefunikwa mvua isiinyeshee, mahali watoto hawachezi. Mafundi wengi hupokea za kichogo kwa ajili ya vipuri na wanajua kuitoa ile chaji. Muulize wa karibu nawe kama ataichukua. Na kama mtoto ameshaanza kabla hujasoma hapa: watoto wote watoke uani, vaa viatu vilivyofunika vidole na glavu nene, nyunyizia maji ili vumbi lisipande, okota vipande kwa koleo uvitie kwenye ndoo yenye kifuniko, usivitupe wala kuvizika pale mama anapopanda lengalenga (mchicha). Nguo za mtoto zifuliwe peke yake, na anawe mikono kwa sabuni kabla hajagusa ugali.